Siku Nne za Kuutafuta Msandarusi

Siku ya kwanza, Alhamisi: Kariakoo

Marehemu bibi yangu, mama yake mama, aliacha kijaluba cha fedha, na chini ya pete na vifungo vya kanzu vilivyokuwamo palikuwa na donge la sandarusi lenye ukubwa wa kokwa ya embe. Ukiliinua mbele ya dirisha unaona rangi ya asali iliyokolea, na katikati yake mdudu chungu mmoja, mwembamba wa kiuno na mrefu wa miguu, kipapasio kimoja kimenyooka na kingine kimepinda, kana kwamba alikamatwa akiwa njiani kwenda kwenye shughuli zake. Katika familia yetu inasemekana kwamba donge hilo lilichimbwa na baba yake bibi katika shamba lake la mihogo lililokuwa Ukonga. Nilipokuwa mdogo nilidhani sandarusi ni aina ya jiwe. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa ni utomvu wa mti, na kwamba mti wenyewe, msandarusi, bado unaota umbali wa safari moja ya daladala kutoka nyumbani kwangu. Likizo ya mwezi wa Julai ilipofika niliamua kwenda kuutazama, pamoja na viumbe wanaoishi juu yake na chini yake, kwa kuwa nilitaka kujua chungu wa bibi alitoka katika dunia ya namna gani.

Nilianzia sokoni. Katika vichochoro vya Kariakoo wanakouza ubani, udi na dawa za miti shamba nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya magunia yake, nikamuuliza kama anayo sandarusi. Alinitazama kwa mshangao kidogo, akasema wanaoiulizia siku hizi ni waganga na wazee tu, kisha akatoa mfuko wenye vipande vya manjano hafifu. Nilipomwonyesha donge la bibi aliligeuzageuza, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akanielekeza kidole kwenye ngozi ya donge hilo, ambayo ina vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

“Hii yangu ni ya mti, mwanangu,” alisema. “Hiyo yako ni ya shimo.”

Tofauti hiyo ya mti na shimo ndiyo iliyoupa mwambao wetu sehemu ya jina lake katika biashara ya dunia. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu zilizopita Unguja kwenda nje, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, huko Massachusetts, waliinunua kwa wingi kwa ajili ya kutengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi, na Marekani ilikuwa imekwisha kufungua ubalozi wake mdogo Unguja kufikia mwaka 1837. Meli zao zilileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho bado tunakiita merikani. Kwa hiyo yupo Mzaramo fulani aliyevaa nguo iliyofumwa Marekani kwa sababu alichimba utomvu wa mti uliokufa zamani, na yupo Mmarekani fulani aliyekalia kiti kilichong'arishwa kwa udongo wa Pugu. Sandarusi iliyothaminiwa ilikuwa ya shimo, iliyolala ardhini muda mrefu hata ikakauka na kuwa ngumu. Ile changa iliitwa chakazi, na Wazungu, ambao jina hilo liliwashinda, walilibadilisha likawa neno lao lenye maana ya punda.

Usiku huo nilijaribu jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya mezani pake. Nilidondosha tone la spiriti juu ya kipande cha Kariakoo, na jingine pembeni mwa donge la bibi. Kipande cha Kariakoo kilianza kunata mara moja, hata kikaacha alama ya kidole changu. Donge la bibi lilipata ukungu hafifu tu, nami nikalifuta haraka kabla ya dhamiri kunisuta.

Siku ya pili, Ijumaa: Pugu

Niliondoka alfajiri, nikabadili daladala Gongo la Mboto, tukapita Pugu Kajiungeni na kupanda vilima kuelekea Kisarawe. Abiria aliyeketi kando yangu alikuwa akienda mnadani kununua mbuzi wawili, naye alinifahamisha mengi kuhusu mbuzi.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa mwambao ambao zamani ulifunika vilima hivi kwa upana zaidi. Misitu ya namna hii, iliyosambaa vipande vipande kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, imetengana na misitu mikubwa ya Kongo kwa muda mrefu sana, na ndiyo maana ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo. Ipo hata mimea inayobeba jina la Pugu katika majina yao ya kisayansi, kama Baphia puguensis na Millettia puguensis. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuishi miaka 40 bila kujua kwamba kitongoji anachokijua kwa mnada wa ng'ombe na kituo cha treni kimeandikwa katika vitabu vya elimumimea vya dunia nzima.

Nilipewa askari wa misitu wa kuniongoza, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye baada ya kumwamkia aliniuliza nataka kuona nini. Nilipomjibu kuwa nataka kuona msandarusi alicheka, akasema wageni wengi huja kuuliza simba. Tulitembea karibu saa nzima. Ilikuwa kipupwe, udongo umekauka, na mifune ilikuwa imesimama na vigogo vyake virefu vya manjano, vilele vyake vikiwa karibu vitupu. Kisha tulifika mahali ambapo kivuli kiliongezeka ghafla, na askari akasimama.

“Ndio huu, mwalimu.”

Msandarusi haujigambi. Una kimo cha kadiri ukilinganisha na mfune, gome laini la kijivu, na kilele kilichotanda chenye majani mazito yanayong'aa. Wakati majirani zake wanapukutisha, wenyewe hubaki na majani mwaka mzima, ukiangusha machache machache na kuyarudishia, kwa hiyo chini yake hapakosi kivuli wala zulia la majani makavu. Kila jani limegawanyika vijani viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, na kila kimoja kimepinda kidogo kumwelekea mwenzake. Mtaalamu wa mimea Mswidi Linnaeus, alipoipa jamii hii ya miti jina la Hymenaea, alimkumbuka mungu wa ndoa wa Wagiriki kwa sababu ya majani hayo yanayolala pamoja. Sikuona haja ya kumweleza askari habari za Wagiriki, lakini nilipomwonyesha jani alisema papo hapo kwamba hao ni bwana na bibi harusi. Spishi yetu, Hymenaea verrucosa, ndiyo pekee ya jamii hiyo iliyoko upande huu wa bahari, kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji na katika visiwa kama Madagaska. Ndugu zake wote wengine wanaishi Amerika. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, yaani utomvu uliogeuka mgumu kama jiwe, wenye umri wa mamilioni ya miaka, ilitoka katika mti wa jamii hii uliokwisha kutoweka, na wataalamu walioyachunguza maua yake ndani ya kaharabu waliona unafanana na huu wa kwetu kuliko inayoota huko huko Amerika hivi leo.

Nilipiga magoti kutazama maganda yaliyoanguka. Ni mafupi, ya kahawia, magumu, na yamejaa chunjua, ambazo ndizo zilizoupa mti jina lake la pili la kisayansi. Ukiipasua chunjua moja kwa ukucha unakuta utomvu ndani, kwa kuwa mti huu hauwekezi ulinzi wake katika gome peke yake, bali hata mbegu huzungushiwa silaha hiyo hiyo.

Kwenye kigogo, juu kidogo ya kichwa changu, palikuwa na jeraha lililoachwa na tawi lililovunjika, na hapo ndipo tulipokaa hadi adhuhuri. Mti unapojeruhiwa, ama na upepo ama na wadudu wanaotoboa, hutoa utomvu unaofunika kidonda na kuwazuia kuvu na wadudu wasiingie. Utomvu huo hunata kwa muda, kisha hukauka juu yake tone jipya likiteremka, hata yakapatikana matabaka. Nyuki wadogo wasiouma walikuwa wakiuzunguka bila kuchoka. Wanauchukua kwa miguu ya nyuma na kwenda kuujengea mlango na kuta za mzinga wao, wakiuchanganya na nta, na kazi hiyo ina gharama, kwani niliwahesabu watatu waliokwisha kunasa, mmoja bado akipiga mbawa. Ndiyo sababu nyuki hawa huonekana mara kwa mara ndani ya sandarusi ya Afrika Mashariki: walifuata walichokihitaji, na kilichohitajika kikawafunga. Pembeni mwa kidonda walipita chungu wa aina mbili, na kwenye tawi la chini maji moto walikuwa wameyashona majani hai pamoja kufanya kiota. Nilitoa donge la bibi. Askari aliliweka usawa wa macho yake, akamtazama yule wa ndani, akawatazama wa nje, akasema, “Huyu ni maji moto.” Alikuwa sahihi kadiri nilivyoweza kuona, kwa miguu ile mirefu na kiuno kile.

Juu yetu hondohondo walipita kwa kishindo cha mbawa, na mmoja wao alilia ile sauti yake ya mtoto mchanga anayetafuta ziwa. Kundi la kima lilikuja baadaye, likala matunda ya mti wa jirani, likatuangushia maganda na kuondoka. Hapo nilianza kuufikiria ushahidi wa sandarusi kwa namna nyingine. Nilikuwa nimezoea kuuona kama picha kamili ya msitu wa zamani, ilhali ni shahidi aliyefungwa kwenye nguzo, asiyemjua mtu ila aliyemgusa. Mdudu mdogo anayepanda kigogo ataandikwa, na mara chache unyoya au mjusi mdogo. Hondohondo hataandikwa hata akilala juu ya mti huo miaka 20, wala kima, wala mnyama yeyote mwenye nguvu za kujinasua. Msitu uliomo ndani ya donge la bibi ni msitu wa wanyonge.

Ujuzi huu wa kusoma sandarusi si mpya. Daktari John Kirk, Mskoti aliyekuwa katika ubalozi wa Uingereza Unguja miaka ya 1860, aliichunguza sandarusi ya mwambao huu na kufuatilia aina zake tatu: ile inayochumwa mtini, ile inayookotwa udongoni karibu na mizizi, na ile ya kale inayochimbwa mahali ambapo hakuna tena mti. Wachimbaji wenyewe, ambao bila shaka ndio waliomfundisha, walikuwa wakizitofautisha kwa kuzishika tu, kama yule mama wa Kariakoo.

Kabla ya jioni tulipita kwenye duara jeusi la tanuri la mkaa, la zamani, nyasi zimekwisha kuota katikati. Askari hakusema neno, akalikanyaga na kuendelea. Mahitaji ya mkaa ya jiji kubwa kama letu yanajulikana, na mimi mwenyewe jikoni kwangu nina jiko la mkaa, kwa hiyo nami sikusema neno.

Usiku wa siku ya pili

Nilikuwa nimeomba kibali cha kubaki hadi usiku. Wakati wa magharibi tulikwenda kwanza karibu na machimbo ya zamani ya kaolini, yaani udongo mweupe, ambayo mahandaki yake yamekuwa makazi ya popo. Walitoka kwa maelfu, mkondo wa moshi usioisha, na sauti ya mbawa zao ilikuwa kama mvua inayonyesha mbali.

Kisha tulirudi msituni. Askari alifunika tochi yake kwa karatasi nyekundu ili mwanga usiwaumize wanyama macho, akaniagiza ninyamaze. Wa kwanza kusikika alikuwa komba mkubwa, ambaye naye hulia kama mtoto mchanga, hivyo msitu huu una mtoto wa mchana na mtoto wa usiku, nami nilielewa kwa nini wazee walikuwa wakitutisha kwamba msituni kuna watoto waliotupwa. Komba wa namna hiyo wanajulikana na kila mgema, kwa sababu huinywa tembo minazini na kulewa. Lakini askari alikuwa akimngoja mwingine.

Alitokea baada ya saa moja na nusu, chini kabisa, kwenye vijiti vyembamba vilivyosimama kandokando ya msandarusi wetu. Alikuwa mdogo wa kutosha kulala katika kiganja. Aliruka kutoka kijiti hadi kijiti akiwa wima, akashuka ghafla kwenye majani makavu, akakamata kitu, akarudi juu kukitafuna, na mkia wake ulikuwa umetutumka kama brashi ya kuoshea chupa. Huyo ndiye komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi, mwenye uzito wa takribani gramu 60. Wanasayansi walimtambulisha rasmi kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990, na katika miaka ya 2000 akaorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Anaishi katika vipande vichache vya msitu wa mwambao wa Tanzania, kimojawapo kikiwa Pande, ambacho kimo ndani kabisa ya Mkoa wa Dar es Salaam. Tulimtazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Askari alipozima tochi nilimsikia akivuta pumzi, akasema kwamba kwake pia ilikuwa ni mara ya kwanza tangu mvua za masika.

Siku ya tatu, Jumamosi: Njule na geti

Asubuhi tulirudi chini ya mti ule ule kumtafuta njule. Zulia la majani chini ya msandarusi na miti mingine ya kijani ya daima ni ghala la jongoo, mchwa, buibui na mende, na njule huishi kwa kulipekua kutwa nzima kwa pua yake ndefu inayopinda kila upande. Tulimsikia kabla ya kumwona, kwa mchakarisho wa majani. Alikuwa na ukubwa wa paka mchanga, mbele mwekundu wa kutu, mgongoni na makalioni mweusi, na miguu ambayo haikuonekana kumfaa. Watu humdhania panya au kirukanjia, kumbe elimu ya vinasaba imemweka katika ukoo mmoja na tembo, nguva na pimbi. Hukaa dume na jike katika eneo moja, na hulala katika viota vya majani makavu wanavyovijenga ardhini. Alipotuhisi aliupiga mkia wake chini mara kadhaa, akatimka.

Nilipokuwa nikitoka yalinipata makubwa kwa kosa langu mwenyewe. Sheria za hifadhi hazimruhusu mgeni kuchukua kitu msituni, na kijana aliyekagua mkoba wangu alikuta donge la sandarusi ambalo sikuwa nimelitaja wakati wa kuingia. Nilimweleza habari za bibi na kijaluba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo hadithi yangu ilivyozidi kufanana na uongo. Yule askari mzee aliitwa. Alilichukua donge, akalipitisha kidole juu ya vile vipele, akamkabidhi kijana naye alipapase.

“Miti yetu haitoi ya namna hii,” alimwambia. “Hii imelala chini kabla ya babu yako kuzaliwa. Mwache mwalimu aende.”

Siku ya nne, Jumapili: Ukonga

Shamba la mihogo la babu wa mama sasa ni nyumba za bati zilizobanana, duka la vifaa vya ujenzi na msikiti mdogo. Sikuona msandarusi, wala sikuona mti wowote wa msituni, isipokuwa miembe na mwarobaini mmoja. Udongo peke yake ndio haukubadilika: mchanga mwekundu, ule ule ambao msafiri Mwingereza Richard Burton, alipopita Uzaramo mwaka 1857, aliutaja kuwa ndio wachimbaji walioufuata. Yeye alieleza kwamba walichimba mashimo mafupi ya hapa na pale bila mpango, wakaacha, wakaenda kuchimba mengine. Kama sandarusi ilipatikana hapa, basi msitu ulisimama hapa, na ulikuwa umekwisha kuondoka hata kabla ya Sultani Majid wa Unguja kuanza kujenga mji wake Mzizima, ndiyo Dar es Salaam ya leo, katika miaka ya 1860. Kwa hiyo siwezi kuzilaumu nyumba hizi kwa kila kitu.

Nilielekezwa kwa bibi mmoja anayesemekana kuwa mkazi wa zamani kuliko wote katika mtaa huo. Nilimkuta barazani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia bibi yangu, akanyamaza kidogo akimtafuta katika kumbukumbu zake, kisha akaniambia niketi. Alisema alipokuwa msichana mashimo yalikuwepo, madogo, ya kimo cha kiuno, na watoto walikatazwa kuyakaribia wakati wa mvua kwa sababu ya vyura na nyoka. Moja lilikuwa palipo na choo cha jirani. Watu wazima walikuwa wameacha kuchimba, lakini watoto waliokota vipande baada ya mvua kubwa, wakavichezea.

Nilimpa donge. Hakulitazama kwenye mwanga kama watu wote wafanyavyo, na nadhani macho yake yasingemwona chungu. Alilisugua kwa nguvu kwenye kanga yake, juu ya goti, mara 20 hivi, akalishusha taratibu kwenye ungo, na makapi ya mchele yakaruka na kuligandia.

“Tulikuwa tunashindana,” alisema, “nani lake litabeba mengi.”

Akayapuliza makapi, akaanza kulisugua tena.